Jiwe la Mtoto wa Arvella

Shangazi yangu Arvella Rathbone anaishi ndani ya geti, na geti ndilo lililomfuata yeye, si yeye aliyelifuata. Mlima wote wa Gudger ulikuwa wa ukoo wetu. Ndugu zake wakauza, baba yangu akiwa wa kwanza, wakaja watu kutoka Florida wakajenga nyumba zenye madirisha makubwa kama ya benki, wakaweka geti chini barabarani na kibao chenye picha ya tai. Tai mwenyewe hatujawahi kumwona. Arvella hakuuza. Nyumba yake ya mbao imebaki katikati yao kama jino moja kwenye fizi, na kila akirudi kutoka dukani inambidi amwonyeshe kadi Harlan, mlinzi wa geti, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto.

Kamati ya wakazi ina sheria ya kila kitu. Rangi ya mlango, urefu wa nyasi, wapi mbwa ajisaidie. Nguo hazianikwi nje. Arvella hakutia saini sheria yoyote, kwa hiyo Jumatatu huanika, tena huanza na chupi, upande wa barabarani. Ana jogoo pia. Jirani mmoja, Bi Whitcomb, alikuja kulalamika kwamba jogoo anawaamsha wageni wake. Arvella akampa pole, akamwuliza hao wageni wanaondoka lini, maana jogoo hana safari.

Hayo yote walikuwa wanamvumilia. Kilichowakosanisha ni makaburi.

Makaburi yetu yako mlimani, juu kidogo kutoka nyumbani kwake, ndani ya geti hilo hilo. Kila mwezi wa Mei, Jumapili moja, ukoo mzima hupanda kuyapamba. Watu wetu hawataki majani juu ya kaburi. Tunapalilia mpaka udongo unabaki mtupu, tunauinua kuwa tuta kana kwamba mtu amezikwa jana, tunachomeka maua ya karatasi, halafu tunatandika vitambaa mezani na kula pale pale: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, keki ya tufaha. Zamani waliojiweza walichongesha mawe yenye majina. Wasiojiweza waliokota jiwe zuri kijitoni wakalisimamisha upande wa kichwa. Halina maandishi. Wenye mtu wao wanalijua.

Arvella analo lake. Mtoto wake wa pekee alizaliwa alfajiri, na kabla ya chakula cha mchana akawa amefariki, wazazi hata jina hawajakubaliana. Mumewe, Cleve, alishuka kijitoni, akarudi amekumbatia jiwe la kijivu lenye mshipa mweupe katikati. Cleve naye sasa amelala hapo pembeni.

Mwaka huu tulipanda Jumamosi, siku moja kabla, tukiwa na majembe. Tukakuta zulia. Nyasi za kununua, zile zinazoletwa zimeviringishwa kama jamvi, zimetandazwa eneo zima. Matuta yamesawazishwa. Mawe yenye majina yameoshwa mpaka yanang'aa, na benchi jipya limewekwa katikati. Mawe ya kijitoni hayakuwepo, hata moja.

Arvella hakulia. Alisimama pale anaposimama kila mwaka, akawa anapapasa nyasi kwa mguu, kama mtu anayetafuta ngazi gizani.

Tukashuka getini kwa Harlan. Alituambia huku anaangalia viatu vyake. Kamati iliona pale juu pamechakaa, ikaamua kupapendezesha, na ilidhani kwa kweli kwamba tutafurahi. Yale mawe waliyaona ni mawe tu. Waliyapeleka kwenye ukumbi wao wa wakazi, wakajengea meko ya nje, pale wanapokaa kuota moto na kunywa mvinyo.

"Na wewe ukanyamaza, Harlan?"

"Nilikuwa likizo, shangazi. Nimerudi nimekuta wameshakoka moto."

Arvella akaenda nyumbani kuchukua mtaimbo wa Cleve na toroli. Nilimwambia tungoje Jumatatu, tuongee nao kwa utaratibu. Akaniuliza kama kesho nataka kupamba nyasi.

Siku hiyo kamati ilikuwa na sherehe yake ya majira ya kuchipua. Walikuwa wameyazunguka meko na sahani mkononi. Mwenyekiti, Bwana Kessler, mzee mpole mwenye meno mazuri, alituona akatabasamu.

"Bi Arvella, karibu. Tungekualika, ila tulidhani hupendi mambo yetu."

"Siyapendi. Sogeza miguu."

Jiwe lake alilitambua haraka, safu ya chini, mshipa mweupe umeingia masizi. Akachomeka mtaimbo. Bi Whitcomb akauliza kuna nini tena, ndipo nikawaeleza, na sikupunguza sauti: mmekaa mnaota moto kwenye mawe ya makaburi ya watu. Mtu mmoja akaweka sahani chini. Kessler akawa mwekundu hadi masikioni. Hakuwa akijua, hilo nakubali. Lakini watu wa namna yake wakikosea hutaka pia wawe wao wa kupanga watakavyotengeneza. Alimwomba Arvella aache, kamati itakaa wiki ijayo, itaagiza bamba zuri la marumaru, majina ya wote waliozikwa yaandikwe kwa dhahabu.

"Wangu hana jina," Arvella akasema. "Ana jiwe."

Kessler akasema anaelewa uchungu wake, ila meko ni mali ya wakazi wote, na yakibomolewa itambidi aite mlinzi.

"Mwite. Mwite na sherifu. Mwambie kuna bibi anaiba jiwe la mtoto wake, tuone atakuja na pingu au na toroli."

Harlan alikuja. Kessler akamwambia amzuie huyu mama. Harlan akatazama mtaimbo, akatazama toroli, akavaa kofia yake vizuri.

"Mimi kazi yangu ni geti, bwana," akasema. "Geti liko kule chini."

Akaondoka zake. Arvella akatoa jiwe lake, kisha akaendelea na mengine mpaka meko yakabaki jivu na chupa za mvinyo. Tulipanda mlima mara nyingi siku ile, na hakuna aliyetuzuia tena.

Siwezi kusema kila kitu kilirudi mahali pake. Jumapili watu walipokuja, tuling'oa zulia lote, tukainua matuta kwa kukisia. Binamu Odell na dada yake walidai jiwe moja, wakanuniana hadi wakati wa keki. Mengine tumeyasimamisha tu, hatujui kama ndipo. Kessler alipanda kwa miguu kuomba kusaidia, na Arvella akamwambia akakae kwenye benchi lake.

Jiwe lake Arvella alilisimamisha mwenyewe. Nilileta ndoo na brashi nisugue masizi.

"Acha," akasema.

Akaligeuza, upande mweusi ukatazama barabara, pale wakazi wanapopita kila asubuhi na mbwa wao. Akalishindilia kwa kisigino, kisha akaomba paja la kuku.