Kura ya Kufuta Kodi ya Nyumba

Nyumba yetu ya Al Mansoura, huko Uarabuni tulikokwenda kutafuta kazi, ilikuwa na kodi yake. Tulikuwa wanaume saba, Watanzania, Wakenya na Mganda mmoja, na kila mtu alilipa kwa kadiri ya alichomiliki mle ndani. Mwenye kitanda cha juu alitoa kopo moja la mchele kwa wiki, mwenye kitanda cha chini mawili, na mwenye kitanda cha dirishani, penye mwanga na upenyo wa hewa, matatu. Kopo lenyewe lilikuwa la samli, limebonyea ubavuni, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Mchele ule ndio tuliopikia pilau ya Ijumaa, sisi tukitoka msikitini na wenzetu wakirudi kanisani Mesaimeer, maana huko ibada yao nayo ni Ijumaa, sote tumenyoa na tuna njaa. Nilikuwa nafua mashuka katika hoteli kubwa na chakula chake nimekionja, lakini sijapata kufurahi mezani kama nilivyofurahi kwenye ule mkeka wetu.

Mchele huo tuliuita kodi ya nyumba. Pango la mwenye nyumba tuliliita ijari, kama alivyoliita mwenyewe, basi neno kodi likawa halina kazi, tukaupa mchele.

Mwenye dirisha alikuwa dereva wa teksi, mtu wa Mombasa, mcheshi na msemaji. Siku moja akabandika karatasi kwenye friji: IJUMAA, KURA YA KUFUTA KODI YA NYUMBA. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu bila kugeuka.

"Mimi nalipa makopo matatu na Ijumaa niko barabarani. Hiyo pilau naijua kwa harufu ya mashati yenu tu."

Nikawaka. Nina hasira za karibu, nakiri, lakini safari hii nilikuwa na sababu. Yule Mganda, mlinzi, mtu mzima kuliko sisi sote, alikuwa hajamaliza mwezi tangu afike, na mshahara wake wa kwanza ulikuwa bado, basi kopo lake nilikuwa sijamdai. Siku nyingine alishindia chai na mkate. Sahani ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa chakula chake cha maana, na ukoko uliobaki tulimwachia wa Jumamosi. Kodi ikifutwa, na sufuria haipo.

Wiki nzima nikapiga kampeni. Nilihutubia jikoni, nilihutubia nje ya mlango wa bafu na mtu yumo ndani anaoga. Dereva nilimwambia ana roho mbaya. Akaniambia natetea kodi kwa sababu kitanda changu ni cha juu na nalipa kopo moja. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniudhi.

Ijumaa ile dereva alibadilishana zamu ili aje kupiga kura. Sinia lilishapakuliwa. Tulizungusha birika, kila mtu akatumbukiza punje moja: harage la kufuta, choroko ya kubakiza. Kwa hesabu zangu tulikuwa wanne kwa watatu. Nikamwaga birika mkekani, nikakuta maharage manne.

Kabla sijafungua mdomo, Mganda alisimama, machozi yamemlengalenga.

"Mungu awabariki, ndugu zangu. Kama kodi imeisha, ile mshahara ya kwanza natuma yote nyumbani. Watoto wanarudi shule."

Hakuna aliyecheka. Dereva, mshindi wetu, ndiye aliyemwambia, tena kwa upole, "Mzee, ijari iko palepale. Kodi tuliyofuta ni huo mchele ulio mbele yako."

Mganda akaliangalia sinia, akatuangalia sisi. "Basi nirudishieni kura yangu," akasema.

Hapo ndipo nyumba iliporipuka kwa kicheko. Dereva alicheka mpaka akalala chali. Aliponyanyuka aliokota harage moja akamrudishia, na Mganda akaweka choroko yake hadharani, polepole, kama anayetia sahihi. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimenuna. Kisha tukala, na dereva, ambaye hakuwahi kuionja pilau ile, alikula tonge baada ya tonge. Alipomaliza akapangusa vidole.

"Mngekuwa mnaniwekea sahani," akasema, "mimi ningeitisha kura ya nini?"

Aibu ilinishika. Mmoja nilikuwa nimempigania wiki nzima bila kumweleza kodi ni nini, na mwingine nilikuwa nimempiga vita bila kumuuliza kama amekula.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa, sahani ya kwanza kupakuliwa ilikuwa ya dereva. Mganda ndiye aliyeipakua, akaifunika na kuiweka dirishani.