Wanataka Niikane Sauti Yangu Iliyomo Katika Kaseti ya Vijana wa Panki

Amani iwe kwenu, wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mkazi wa huku Ufipa, na nimekuwa katekista tangu nilipotoka seminari bila kuufikia upadre. Mke wangu yu hai, watoto wanajitegemea. Nimemwomba mhariri alifiche jina langu na ayabadilishe ya wengine. Ninaandika kwa sababu moyo wangu hautulii. Hata rozari naianza na kuiacha katikati.

Kigango chetu kiko mbali na parokia, mapadre hawawahi maziko, hivyo wafu huwazika mimi. Msimu wa mvua wa mwaka juzi nilimzika mtoto wa kike, nitamwita Anyesi. Aliugua homa. Zahanati haikuwa na dawa, lakini duka la mtu binafsi ng'ambo ya barabara lilikuwa nazo. Mama yake alirudi nyumbani kutafuta kuku wa kuuza, na aliporejea mtoto alikuwa amekwisha kufa mikononi mwa bibi yake.

Kaburini nilifika mahali pa kusema kwamba Mungu amemchukua malaika wake. Nimeyasema maneno hayo miaka mingi. Siku ile yalikataa kutoka. Nikafunga kitabu, nikapaza sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Msimsingizie Mungu! Hakumchukua! Tumemtoa sisi wenyewe, dawa tukiziona kwa macho! Msimsingizie Mungu!" Kisha nikafungua kitabu, nikaendelea na ibada kama ilivyoandikwa.

Baba wa mtoto alikuwa mbali, migodini. Huku kwetu ndugu asiyeweza kuwahi maziko hurekodiwa kaseti, ili asikie jinsi mtu wake alivyozikwa. Aliyerekodi ni Desideri, kijana anayetunza spika na magitaa ya kwaya. Kaseti ilitumwa kwa baba. Nakala akabaki nayo.

Desideri na wenzake watatu wana bendi waliyoiita Ghala Tupu, kwa kuwa hufanyia mazoezi katika ghala la ushirika lililobaki wazi tangu wafanyabiashara binafsi waanze kununua mahindi. Hupiga muziki uitwao panki, tena ule mkali wanaouita hadikoo, waliojifunza kutoka katika kaseti za mgeni mmoja aliyekuja kuchimba visima. Gitaa, lile lile la kwaya, hukwaruzwa kwa kasi, mwimbaji haimbi bali anafoka, na wimbo mzima hauzidi muda wa Salamu Maria tatu. Sasa wametoa albamu yao ya kwanza. Inaanza na sauti yangu kaburini, peke yake, ndipo ngoma zinaingia.

Habari hizo nilizipata gazetini. Mchambuzi wa Dar es Salaam aliandika kwamba kaseti hiyo ni mabati yanayong'olewa na upepo, na kwamba mwanamuziki pekee humo ni mzee ambaye huenda hakujua kama anarekodiwa. Mwingine akaisifu, akasema hajapata kusikia hasira ya kweli namna hiyo. Mtangazaji mmoja wa redio aliicheka, lakini akaipiga mara mbili.

Nikamwita Desideri.

"Shikamoo, Babu. Umetufunika! Sisi tumehenya ghalani mwaka mzima, wewe siku moja tu makaburini, sifa zote zako. Wewe mshikaji kweli!"

"Mshikaji wako nani?"

"Samahani, Babu."

"Mbona hukuniomba?"

"Ningekuomba ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Sasa, Babu, uliyoyasema siku ile yalikuwa uongo?"

Nilimwomba kaseti, nikaisikiliza yote kama mwalimu wa kwaya. Mpiga ngoma anakimbia, lakini hapotezi pigo. Maneno mengi hayashikiki. Ilipokwisha niliona nimekunja ngumi, nikaogopa. Nikaenda na ghalani kuwatazama. Vijana wanaruka, wanagongana mabega, wanapayuka maneno yangu ya maziko huku wengine wakicheka. Nilitoka nje nisijue kama wanasali au wanacheza juu ya kaburi la mtoto.

Ndipo Padre akaniita. Si mtu mbaya. Wakubwa fulani wamemwuliza huyo mzee anayelaumu watu ni nani.

"Mwalimu, utasimama kanisani useme mashine imeyageuza maneno yako. Vyombo vya kwaya nitavirudisha sakristia, mambo yataisha."

"Padre, yamegeuzwa wapi?"

"Sikuulizi yamegeuzwa wapi. Nakuomba amani ya parokia. Ukishindwa, itanibidi nimtafute katekista mwingine."

Nilikwenda kwa mama wa Anyesi nikitumaini ataniambia ameumia, nipate sababu ya kutii. Nilimkuta akipepeta ulezi.

"Nimeisikia, Mwalimu, kwa shemeji yangu."

"Imekuumiza?"

"Siku ile wanawake wenzangu walinishika mikono, wakaniziba mdomo kwa kitenge. Nyamaza, ni mapenzi ya Mungu. Hao vijana wanapiga kelele niliyotaka kuipiga mimi." Akapepeta kidogo. "Baba yake hataki kuisikia. Anasema kaseti ile ilikuwa yake, na akirudi atakuuliza kwa nini maziko ya mwanawe yanauzwa sokoni. Lakini mimi nakuomba, usiikane."

Ndugu zangu, nikisema maneno yale si yangu, nitakuwa nimesema uongo mbele ya altare, na mama yule nitakuwa nimemziba mdomo mara ya pili. Nikisema ni yangu, nitaondolewa katika kazi niliyoifanya maisha yangu yote, vijana watazidi kuruka, na baba aliyefiwa nitamtazamaje usoni? Nimejaribu kusali juu ya jambo hili, na kila nikisali nasikia zile ngoma zikiingia.

Padre amenipa hadi Jumapili ya Matawi. Ninyi mnaosali na ninyi msiosali, nielekezeni: nitakaposimama mbele ya waumini, niseme sauti ile ni ya nani?