Rimu za Tata na Majivu ya Nyanya

Sisi tuliokulia upande wa Ekerenyo tunakumbuka kwamba Ijumaa alasiri haikuwa wakati wa kucheza. Sabato yetu huanza jua likizama, na likishazama hakuna kuchota maji, hakuna kufua, hakuna kugusa kazi yoyote. Wenzangu wa rika langu watakumbuka mbio zile: huku kuni, huku ndizi za kupika, huku viatu vya kanisani kupakwa rangi. Kwetu kulikuwa na kazi moja zaidi ambayo majirani hawakuwa nayo. Tulikuwa tunaosha rimu.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mtunza stoo katika duka la Mhindi mmoja mjini Kisii. Tajiri wake alipolichoka gari lake kuukuu, Tata akalinunua. Injini ilikohoa na mlango mmoja ulifungwa kwa waya, lakini magurudumu yalikuwa na rimu za aloi, zinazong'aa kama sahani za wageni. Kijijini hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Wengi hawakuwa hata na gari, kwa hivyo ushindani haukuwa mkali.

Tata alisimama kando akilitazama jua na kutuamuru. Rimu isioshwe ikiwa moto. Kwanza maji, matope mekundu yatoke. Halafu povu la sabuni ya kufulia, na mswaki mkuukuu wa kuingia kwenye vile vitundu kutoa vumbi jeusi la breki. Suuza kabla povu halijakauka, pangusa kwa fulana iliyochanika, nenda gurudumu linalofuata. Tulipomaliza, mikono ikinuka sabuni, tuliingia ndani kuimba nyimbo za kuikaribisha Sabato. Kesho yake tulienda kanisani kwa miguu, maana barabara ilikuwa na matope na gari lilikuwa limeshaoshwa.

Kisha mama akajifungua, na Nyanya, mama yake mzazi, akaja kutoka Nyaramba kumsaidia. Ijumaa hiyo Tata alikuwa ameenda sokoni kutafuta mafuta ya taa. Nyanya alitukuta na mswaki wetu, akatuonea huruma.

"Mnalipiga gari mswaki?" alituuliza. "Leteni majivu."

Akachukua majivu ya jikoni na stilwulu ya kusugulia sufuria, akainama kwa nguvu za mtu aliyesugua vyungu maisha yake yote. Mama alipotoka ndani kumzuia, rimu zote zilikuwa zimekwisha. Hatukuwahi kumaliza mapema namna ile. Zilikuwa safi kabisa. Zilikuwa pia zimekwaruzwa na kufifia kama sufuria ya chai ya harusi.

Tukamsikia Tata akifungua lango. Alikuwa mtu wa kufoka; aliwahi kumfokea mzee wa kanisa kwa kuegemea gari lile. Mama alisimama mlangoni na kitoto kifuani. Sisi watoto tulijua anachoogopa. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni: mwanamume hampi mkono mama mkwe wake, hali naye meza moja, sembuse kumkaripia. Neno moja tu, na Nyanya angefunga kitambaa chake kichwani arudi Nyaramba, asikanyage tena pale, na mama angebaki na kitoto na aibu.

Tata alitazama gurudumu la kwanza. Akatazama la pili. Akaona hakuna haja ya kuzunguka upande wa pili.

"Asante, Mama," alisema akiwa mbali, macho chini. "Umetusaidia. Jua lilikuwa linatushinda."

Nyanya akafurahi. Akasema sabuni yetu tunaipoteza bure, na akija tena atatuoshea.

Hakuisahau ahadi. Kila alipokuja aliuliza gari liko wapi, na kila mara lilikuwa kwa fundi. Fundi huyo alikuwa ua wa jirani yetu, nyuma ya migomba, ambako Tata alilificha mara tu aliposikia mgeni yuko njiani. Uongo wake mwingine siujui, na huo aliusema kwa adabu sana.

Mwaka huu tumemzika Tata. Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Asubuhi ya mazishi, Evans, mpwa wangu anayeishi Nairobi, alitoa kopo la dawa ya kuoshea rimu kwenye buti ya gari lake. Akazipulizia rimu, povu likageuka zambarau, akamwagia maji, kazi imekwisha kabla chai haijachemka. Sitasema uongo, niliipenda dawa ile. Tata angeipenda zaidi yangu.

Mama mkwe wake Evans alikuwa amekuja kutoka Kebirigo kuomboleza nasi. Aliona tone la matope limebaki, akainama na pindo la leso yake kulifuta.

"Mathe, toa mkono hapo," Evans alisema bila kuinua kichwa. "Utanichorea rimu."

Akautoa. Alikaa mpaka maziko yakaisha, akala kidogo, akatuaga mmoja mmoja, hata Evans. Tangu hapo binti yake amemwalika Nairobi mara nyingi, na kila mara anaambiwa chai imekomaa, hakuna wa kuichuma. Nilipomweleza Evans sababu, alishangaa. Alisema hakumtukana mtu, alisema ukweli tu kuhusu rimu. Na kweli, leso yenye mchanga ingeichora.

Enzi zetu tulikuwa na magurudumu yaliyofifia, na Nyanya aliyekuja, akalala, akatupikia, akatugombeza, mpaka miguu yake ilipokataa safari. Siku hizi vijana wanasafisha rimu kwa muda wa kupiga chafya. Za Evans hazina hata mkwaruzo mmoja, na mama mkwe wake yuko Kebirigo, anachuma chai.