Sukari Kati ya Meno

Kach! Mpaka leo nausikia mlio ule, wa kipande cha sukari kikivunjika kati ya meno ya mzee.

Miaka ya tisini nilikuwa nafanya kazi kwenye makao ya wazee huko Saint Paul, mie binti wa Tanga niliyekomea kidato cha pili. Kila asubuhi, meza ya dirishani, nilikuwa nawahudumia bibi mmoja ambaye wazazi wake walikuwa Waswidi, na babu mmoja Mrusi aliyekuja Amerika uzeeni kumfuata mwanawe. Bibi alikunywa kahawa, babu chai kwenye glasi. Lakini wote wawili walibana kipande cha sukari kwa meno, kisha wakanywa. Sikumwona mwingine pale akifanya hivyo. Vipande vyenyewe vilikuwa vya bibi, kwenye kopo lake la bati. Jikoni kulikuwa na sukari ya pakiti tu.

Jumatatu moja wakabishana nani aliianzisha Urusi.

"Watu wangu," bibi alisema. "Walipita mitoni na mashua zao, na maji yalipokwisha wakaziburuta nchi kavu. Nyinyi mlikuwa mnagombana wenyewe kwa wenyewe, mkatuita tuje kuwatawala. Hata jina Rus, lililozaa Urusi yenu, ni letu, la wapiga makasia."

Mie tayari nilikuwa nimo ndani ya mashua, nikiwaza mito ile.

"Tuliwaita!" Babu akacheka kwa dharau. "Nani kakudanganya, bibi wee? Mlifuata ngozi za manyoya na asali. Sisi Waslavi tulikuwa na mashamba yetu na miji yetu. Mkatutoza kodi, mkaoa binti zetu, na wajukuu zenu wakasahau lugha yenu. Haya, nani alimmeza nani?"

Nikafuta meza huku nacheka moyoni. Ubishi ule naujua. Kwetu watu hubishana barazani nani aliijenga miji ya pwani, wenyeji au wageni, na wabishi wenyewe wana damu zote mbili.

Lakini babu alikasirika kweli. Kesho yake alihamia meza ya kona, akawa anakoroga sukari ya pakiti, kijiko kikigonga glasi kling-kling hadi kero. Bibi akajifanya hasikii. Na Ijumaa bibi alikuwa anahamia Lakeville kwa binti yake. Lakeville si mbali kwa mwenye gari. Babu hakuwa na gari, bibi hatembei. Wakiachana na kinyongo, ndiyo basi tena. Roho iliniuma.

Ijumaa, koti tayari mwilini, bibi akaninyooshea kopo.

"Mpelekee yule mkaidi."

"Hapana, bibi. Peleka mwenyewe, mie nasukuma tu." Nikakisukuma kiti chake cha magurudumu kabla hajabadili mawazo.

Babu akalitazama kopo.

"Eh! Leo Waswidi ndio wanaoleta kodi."

"Kama huitaki naondoka nayo."

"Lete hapa." Akainamisha kichwa. "Na safari hii nilikuita kweli. Tangu Jumanne nagonga glasi, ulidhani sukari gani ile haiyeyuki?"

Bibi akaliweka kopo mezani. Alifungua kopo, akampa kipande, akachukua chake. Kach, kach. Wakanywa taratibu, babu chai, bibi kahawa niliyomletea, huku binti yake akipiga honi nje.

Bibi alipoondoka, babu alikwenda chumbani na kopo kwapani. Mezani kilibaki kipande kimoja. Nikajimiminia chai, nikakibana kwa meno, nikanywa.