Upelelezi Kwenye Kichanja cha Kahawa

Ni lini hasa niliacha kusoma? Nimejiuliza mara nyingi na bado sina jibu. Najua tu kwamba nilitoka chuo kikuu nikiwa msomaji, na kwamba baada ya miaka mingi ya uwakala wa forodha hapa Tunduma niligundua kuwa nasoma nyaraka za mizigo peke yake.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilijiwekea sharti: kila mwezi kitabu kimoja, kila kitabu cha aina tofauti, nikimalize kabla mwezi haujaisha. Kimoja kikinishinda, mwaka mzima umeanguka. Sikumwambia mtu. Nilitaka kujua, kwa faragha, kama uwezo ule ungalipo.

Wasifu ulikwisha, tamthilia ikafuata, kisha historia, kisha kitabu cha ufugaji wa nyuki ambacho nilikifikisha mwisho bila kumwogopa wala kumpenda nyuki. Ukweli ni kwamba nilivifunga vitabu hivyo kama ninavyofunga faili la lori lililokwisha kuvuka kwenda Zambia. Sharti lilitimia, ndani yangu halikubaki neno.

Mwezi wa riwaya ya upelelezi uliangukia msimu wa kahawa. Nilichukua likizo nikapanda kijijini kwetu Ihanda kumsaidia mama. Asubuhi, kahawa iliyooshwa ikiwa bado na unyevu, yeye na shangazi husimama pande mbili za kichanja, wakichambua punje mbovu kwa vidole na kuzitupa kwenye bakuli. Mimi sina jicho la kazi hiyo. Mama aliponiona nimekaa pembeni na kitabu, akasema, "Kama mikono yako haina kazi, mdomo ufanye. Soma tusikie."

Nikasoma. Mfanyabiashara alikuwa amekutwa amekufa ghalani mwake, na polisi hawakujua pa kuanzia. Shangazi alijua.

"Ni mkewe. Mjane gani anasuka nywele kabla ya arobaini?"

"Wifi, mikono!" mama akamkemea. "Umetupa punje nzuri."

Kweli, bakuli la mbovu lilikuwa limejaa buni safi, na mbovu zilikuwa zimelala kichanjani kwa amani.

"Mlaumu mwanao," shangazi akajibu. "Nani alimtuma asome hivyo?"

Tangu hapo mama akaweka utaratibu: hadithi ikifika pabaya, ninyamaze mpaka bakuli likaguliwe upya. Na hadithi ya aina ile hufika pabaya kila ukurasa. Tulikwenda polepole mno. Likizo yangu ilipokwisha, mwezi nao ukiwa ukingoni, robo ya kitabu ilikuwa bado. Ningeweza kuimaliza peke yangu Tunduma kwa jioni moja. Nikamweleza mama sharti langu.

"Nani aliliweka?" akauliza.

"Mimi."

"Basi mwenyewe yupo. Mwombe ruhusa."

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye kahawa. "Na ole wako utangulie kumjua muuaji. Nitakusikia kwenye sauti."

Nilishuka Tunduma siku ya mwisho ya mwezi. Jioni nilikiweka kitabu mezani, nikakaa mbele yake. Nikikifungua, mwaka wangu ulikuwa salama, na riwaya ile ingekwenda kulala pamoja na nyuki. Nisipokifungua, jaribio pekee nililokuwa nalo la kujipima lilikuwa limevunjika kwa mkono wangu. Nilitazamia kuumia, sikuumia. Nilichogundua ni kwamba nami nilitaka kumjua muuaji, na kwamba nilitaka kumjua nikiwa pamoja nao. Nikaenda kulala.

Asubuhi ilikuwa zamu ya ushairi. Nikaiacha diwani rafuni. Nilifika ofisini kabla madereva hawajaanza kuleta karatasi zao, nikafunga mlango, nikapiga simu Ihanda. Mama akaitegesha ukingoni mwa kichanja, sauti ikiwa juu. Nikasikia punje zikichakurwa.

"Isogeze huku, wifi," shangazi akasema. "Simu si yako peke yako."

"Tuliishia wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Pale mjane anapotafuta ufunguo," wakajibu pamoja.

Nikafungua ukurasa, nikaanza kusoma.