Baada ya Maombi ya Kufunga

Ijumaa mhadhiri wetu wa mbinu za utafiti alitutuma kwenye mji mdogo wa Usenge, mimi na mwenzangu wa darasa la uzamili, tukajifunze kuhoji kikundi cha wazazi kuhusu watoto wanaokosa shule. Jumatatu tungewasilisha tulichopata.

Wazazi walifungua kikao kwa maombi. Tulipouliza swali la kwanza, mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema, "Serikali ituongezee madarasa."

Tukamgeukia jirani yake. "Mzee amesema yote," akajibu.

Mama aliyefuata akasema, "Naunga mkono mzee." Ikawa hivyo hivyo hadi mwisho wa benchi, kisha wakafunga kwa maombi.

Nilikuwa nimeshazima kinasa sauti nilipoguswa begani. Ni yule mama wa kuunga mkono. Huku akikaza leso kiunoni, aliniambia kwa sauti ya chini kwa nini binti yake hakwenda shule juma hilo. Hakutaja madarasa hata kidogo.

Nikatoa kalamu haraka. "Mama, naweza kuandika hiyo?"

Akaushika mkono wangu. "Hapana, mwalimu. Ile ya utafiti si tumemaliza na maombi? Hii ni ukweli tu."

Jumatatu tuliwasilisha madarasa. Mhadhiri alisifu jinsi majibu yalivyokubaliana. Aliloniambia mama sikulitaja, wala hapa silitaji. Lakini siku hizi, kila nikisoma katika ripoti ya utafiti kwamba wahojiwa wote walikubaliana, hujiuliza ni nani aliyezungumza kwanza.