Siku Niliyomkana Mlinzi wa Kisima

Ile Jumapili naikumbuka yote, mwanangu, hata harufu ya dizeli iliyobaki mikononi mwangu, ingawa kwa miaka mingi nimejitahidi kuisahau. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Leo unaniona nimekaa viti vya mbele kanisani, watu wananiita Mzee Mwakio kwa heshima, na pengine wadhani nilizaliwa na mvi na adabu zangu. Sivyo. Kaa nikusimulie, na ukiniona nimeinamisha uso, usidhani ni uzee.

Kwetu ni Marungu, kule tambarare ambako mvua huja kama mgeni mwenye haraka. Zamani mama zetu waliteka maji kwenye silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, mwendo mrefu kwa mguu, na ndovu nao walikunywa hapo hapo. Baadaye watu wakachangishana, waumini wakasaidia, tukachimbiwa kisima kirefu na kuwekewa injini ya kuvuta maji. Mlinzi akawa Mzee Musyoka, Mkamba aliyekuja zamani kukata mkonge, akaukata hadi mgongo ulipomkatalia. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alifagia pale kisimani kama anayefagia uani kwake.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi. Lakini sikuiba kwa njaa, mwanangu, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Kwetu ugali haukukosekana. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, ana ng'ombe, ana jina. Ugonjwa wangu ulikuwa mwingine. Rafiki yangu Mwadime alirudi kutoka Mombasa na shati linalong'aa na viatu vya ngozi vyenye soli nene, na alipopita, wasichana waliacha kuzungumza. Mimi nilikuwa na kandambili zilizoshonwa kwa waya. Mwadime akaniambia kwamba kuna mtu mjini Voi anayenunua vyuma vikuukuu, haulizi vimetoka wapi, na akipendacho hasa ni shaba. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Kijana husikia lile neno la kwanza tu, la pili huja kulisikia baadaye.

Jumapili hiyo mjukuu wa Mzee Musyoka alikuwa anabatizwa. Nilimkuta mzee amesimama langoni pa kisima na koti lake la sherehe, hajui aende au abaki. Nikamwambia aende tu, mimi nitamkalia hadi ibada iishe. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanipa ufunguo wa kibanda cha injini, akaenda akijikongoja na ule mgongo wake. Hakuniuliza chochote. Kwa nini aniulize? Nilikuwa mtoto wa mzee wa kanisa.

Mwadime alikuja na spana. Tulifungua mirija ya shaba iliyopeleka mafuta kwenye injini, na kifaa kimoja kizito ambacho hata hatukujua kazi yake. Nyimbo za kanisani zilitufikia pale tulipo, na nilitambua sauti ya mama yangu kati ya zile nyingine. Niliendelea kuzungusha spana. Tulipomaliza nikafunga mlango, nikauacha ufunguo juu ya jiwe, tukashika njia ya Voi na gunia letu.

Sitakutajia tulichopewa. Kilitosha viatu.

Alasiri hiyo injini ilikataa kuwaka, na Jumanne chifu akaita baraza. Mzee Musyoka alisimama kofia mkononi akaeleza ukweli wake wote: kwamba aliondoka kwenda kwenye ubatizo wa mjukuu, kwamba hilo ni kosa lake, na kwamba kisima alimwachia Mwakio. Watu wakanigeukia. Nilimwona baba yangu ameketi kwenye kiti chake karibu na chifu, ameushika mkongojo wake kwa nguvu.

Nikasema, "Mimi siku ile sikuonana na huyu mzee."

Maneno saba, mwanangu. Nimeyahesabu mara nyingi.

Mzee Musyoka hakubishana. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama njia aliyoizoea akaikuta imefungwa. Na watu walichagua bila kuchelewa. Mimi nilikuwa wa kwao, babu zangu wamezikwa pale. Yeye alikuwa wa kuja. Mmoja akasema Wakamba hawa tumewakaribisha wenyewe. Mwingine akadai alimwona juma lililopita akiongea na watu wa skrapu, naye hakuwa amemwona, kwa maana aliyeongea nao ni mimi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba uongo ukipata mtu wa kwanza wa kuubeba, wengine humpokea mzigo wenyewe.

Polisi walimchukua. Akiwa bado ndani, vijana waliandamana mchana kweupe hadi nyumbani kwake. Mkewe alitoka na godoro na kuku wawili, akasimama kando. Nyumba ikawashwa. Kiberiti hakikuwa changu, lakini nilikuwa katika kundi lile, na nilipaza sauti pamoja nao. Nilipaza kuliko wengi. Mwenye hatia ndiye huwa na haraka ya kuona mwingine anaadhibiwa.

Baada ya majuma machache Mzee Musyoka aliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Alikuta majivu. Akamchukua mkewe wakaenda upande wa Taveta, na sisi tukasema, mnaona, angekuwa hana kosa angekimbia?

Basi injini ikanyamaza. Kamati ya maji wakaanza kutuhumiana, huyu anasema yule alijua, yule anasema huyu alikula. Walioahidi kutusaidia kutengeneza wakasema watu wenyewe hawaaminiki, wakapeleka msaada kwingine. Majirani waliokuwa wakiacha milango wazi wakaanza kununua kufuli. Na wanawake wakarudi silanga.

Dada yangu Wakesho alikuwa darasa la saba. Mwalimu alikuwa amemwambia baba kwamba mtoto huyu ataweza kusoma hata Wundanyi kule juu, kwenye shule za bweni. Lakini mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hivyo siku tatu kwa juma Wakesho alienda maji badala ya shule. Siku moja asubuhi walikuta ndovu silanga, jike na mtoto wake. Wasichana wakakimbia. Wakesho alianguka kwenye korongo akavunjika mguu chini ya goti. Mguu uliunga vibaya. Hakurudi shule tena, na unajua mwenyewe jinsi shangazi yako anavyotembea mpaka leo. Umekuwa ukiambiwa alianguka akiteka maji. Ni kweli. Hukuambiwa kwa nini hakukuwa na maji nyumbani.

Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo ni ya zamani, lakini mimi niliielewa nikiwa nimesimama kando ya kitanda cha dada yangu, nimevaa viatu vizuri.

Baba aliniita nje siku tuliyomrudisha kutoka hospitali. Hakunichapa. Laiti angenichapa. Alitazama miguu yangu, akasema, "Viatu hivi nimeviona tangu juma lile lile. Nilinyamaza kwa sababu ya jina langu, si kwa sababu yako. Sasa sisi ni wezi wawili."

Tukaondoka kwenda kumtafuta Mzee Musyoka. Tulimpata Mata, karibu na mpaka, akipalilia migomba ya mtu kwa kibarua, yeye na ule mgongo. Alitukaribisha, akatandika gunia tukae, mkewe akaleta uji. Baba alianza kuzungumza akashindwa, kwa hivyo nikasema mimi. Nilisema yote, hata habari ya spana na nyimbo.

Mzee Musyoka aliweka bakuli lake chini. Kisha akasema, "Kijana, mimi nimekusamehe, sababu sina nguvu ya kubeba na hilo pia. Lakini jina langu halikupotea hapa Mata. Lilipotea Marungu, mbele ya watu. Rudi ulitafute huko."

Njiani baba alisema atapanga siku nzuri ya kuongea na chifu. Nikakubali haraka. Kisha zikaja harusi ya binamu, na mavuno, na Krismasi, na kila mara siku nzuri ikawa haijafika. Waliposema mficha uchi hazai, walinijua mimi. Mwaka ukapita hivyo, mwanangu. Mwaka mzima nilikuwa na msamaha wa yule mzee mfukoni, nikautumia kama ruhusa ya kunyamaza.

Halafu habari zikatufikia kwamba Mzee Musyoka amefariki, na amekwisha kuzikwa.

Niliomba baraza mwenyewe. Nilisimama mahali pale pale, nikasema kwamba niliyeiba ni mimi na Mwadime, na kwamba mzee yule alisema kweli tupu. Nilitarajia mawe. Hakuna aliyerusha. Wale waliochoma nyumba ya mtu asiye na kosa walitazama chini, wakachora mchanga kwa vidole vya miguu. Mama mmoja hata alisema maskini, kijana amejuta. Nilipata huruma ambayo mwenye haki yake hakuipata, kwa kuwa tu mimi ni wa kwao. Hilo liliniuma kuliko kifungo nilichokwenda kutumikia, nacho nilikitumikia chote. Baba aliuacha uzee wa kanisa, akawa anakaa viti vya nyuma hadi kufa kwake.

Mwadime hakukamatwa wakati ule, alikuwa ameshatoroka. Alianza na shaba, akaenda kwenye mbuzi, kutoka mbuzi akaingia barabarani na panga kuvizia wapita njia. Aliuawa na umati sokoni, katika mji wa mbali, na nimeambiwa mamake hakuruhusiwa hata kumfunika. Namlilia yeye pia. Mtu haamki asubuhi moja akawa jambazi. Hufika huko polepole, na kila hatua kuna mtu anayenunua, na mwingine anayejua asiseme.

Nakuambia haya leo kwa sababu wiki iliyopita betri za sola ziliibwa pale zahanati, na nimesikia wewe na wenzako mnataka kwenda kwa yule askari wa usiku, kijana aliyetoka magharibi, mkamfundishe adabu. Mnasema mna hakika. Sisi pia tulikuwa na hakika.

Basi sikiliza, mwanangu. Usiibe, hilo umeshaambiwa na kila mtu. Mimi nakuongezea yale wasiyokuambia. Usinunue kitu ambacho mwenye kukiuza hataki kuulizwa kilikotoka, kwa maana bila mnunuzi wa Voi mimi ningebaki na kandambili zangu, na dada yangu angebaki na mguu wake mzima. Ukimwona rafiki amepata ghafla, muulize kabla hujamwonea wivu. Ukiwa huna kazi, usione aibu ya jembe. Aibu ninayoijua mimi haitoki kwa udongo. Mtu akishtakiwa, mwache aseme, na umsikilize zaidi ikiwa hana ndugu wa kumtetea. Usimpige mtu katika kundi, kwa kuwa kundi halina jina, na kesho kila mmoja atasema si mimi. Na ukikosea, nenda ukaseme ungali na wa kumwambia. Usingoje siku nzuri. Mimi niliingoja, nikapata kaburi ambalo sikujua hata lilipo.

Mungu akupe mikono isiyo na la kuficha na ulimi usioogopa watu. Akupe majirani wanaolala bila hofu, nawe uwe sababu mojawapo ya usingizi wao. Na siku utakapoitwa mzee, mwanangu, jina hilo lisikuchome unapoliitikia.